Sireni ya Utamu na Gato ya Harusi

Mi niko mutoto wa mutumikaji wa mugodi, njo maana hata diabete yangu naielewa kwa sireni. Zamani mu kambi yetu, sireni ikilia baba anaacha bukari, ugali yake, mu sahani, anakimbia kazini. Siku moja alikimbia na kiatu moja ya mama, lakini hiyo ni habari ingine.

Infirmière, muuguzi wa hapa Kamalondo, aliniachia komprime, bidonge bya utamu, niweke mu chai pahali pa sukari. Nikamuuliza kama hazitapandisha sukari yangu.

“Hapana, Papa. Bengine banasema ulimi ikisikia utamu, mwili inaweza kutoa insulini kidogo, ile inashusha sukari mu damu. Lakini bale banajifunza bile bintu bangali banabishana.”

Mi nilisikia tu kipande ya katikati.

Juu ya vile mujukuu wangu alikuwa anaolewa siku ya posho, njo Jumamosi. Kwetu bibi-harusi analisha babu yake gato, keki ya harusi, na kijiko, bantu bote banapiga makofi. Muke yangu alinionya: “Muzee, asubui utapimwa. Sukari ikiwa juu, kile kijiko njo yangu.”

Nikafikiri: utamu njo sireni. Nikiipiga mapema, insulini itangojea ku mulango, chakula ikifika inakuta kazi ilishaanza. Asubui nikaweka komprime tano chini ya ulimi, nikanyamaza. Muke yangu akauliza kama niko nasali. “Mmm,” nikajibu. Kisha nikakula bukari yote ya jana, na chai ya sukari ya kweli. Nilikuwa na uhakika!

Infirmière akatazama kimashini ya kupima sukari, akanitazama mi, akarudia kimashini.

“Papa, ulikula nini?”

Nikamuelezea sireni yote. Alicheka mpaka akakalia boksi ya sindano.

“Sijui hata kama ililia. Na ingelia, mu tumbo yako batumikaji bengi ba insulini balishaingia mu pension.”

“Bote?”

“Bale balibaki banatembeaka polepole. Weye mwenyewe, banakuamushaka mara ngapi?”

“Mara tatu,” muke yangu akajibu. Hakuna muntu alimuuliza.

Ku harusi mujukuu akaleta kijiko. “Kambo,” njo vile anaitaka babu yake, “fungula kinywa.” Nikafungula. Muke yangu akafungula yake karibu na sikio yangu, kubwa kupita yangu. Gato ikapita chini ya pua yangu na krème yote, ikaingia kule. Bantu bakapiga makofi. Na mi nikapiga, juu balikuwa bananitazama.

Sidanganyi: mate ilijaa mu kinywa. Kama kuko mutumikaji hata mumoja aliamka ile siku, alifika ku mulango bure.