Hita ya Mama Fernande

Mume wangu Ghislain aliendesha gari la kuchota theluji mjini Roberval kwa miaka thelathini, na humo humo kwenye usukani akahitimu udaktari, sheria, ufundi bomba na ukocha wa hoki. Muulize chochote. Usipomuuliza atakujibu vilevile.

Januari hii mama yake, Fernande, mwenye miaka themanini na sita, alikubali kutoka nyumba ya wazee aje kukaa nasi. Tukamtengea chumba cha chini ya ardhi, kile cha zege. Kilikosa hita tu, ile ndefu ya umeme inayolala ukutani chini ya dirisha.

"Tumwite Yvan," nikasema. Yvan ni mume wa dada yangu, fundi umeme mwenye leseni. Huku kwetu sheria hairuhusu mwingine kugusa nyaya za nyumba, hata nyumba ikiwa yako.

"Yvan?" Ghislain akacheka. "Yule anayetaka cheti ndiyo abadilishe balbu? Huguette, mke wangu, nyaya zenyewe mbili. Hata paka anaweza."

Paka wetu ana akili zake, hakujaribu. Ghislain akaifunga mwenyewe Jumamosi nzima huku akipiga mluzi. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba hita ile inataka nyaya mbili za moto, yaani zenye umeme. Bingwa wangu aliipa mmoja, wa pili akauchomeka mahali pasipo na moto. Ikatoa robo ya joto lake, la kutosha kiganja kimoja, mwenye kiganja akiwa na subira.

"Inapanda polepole," akatangaza. "Joto la ghafla linaharibu mapafu."

Mama akaja Jumapili.

"Chumba unakionaje, mama?" Ghislain akamuuliza.

"Kizuri, mwanangu. Joto tele." Alisema hivyo akiwa na koti.

Jumatatu nje ilikuwa digrii thelathini na moja chini ya sifuri, naye akanywa supu ya njegere akiwa na koti lake mwilini. Ghislain akatueleza kwamba damu ya wazee ni nyepesi. Jumanne kosa likawa la dirisha. Jumatano likawa langu, eti nafungua mlango ovyo. Nilitamani kumvunjia sahani kichwani. Nikashuka na blanketi langu.

"Mama, mwambie basi."

"Simwambii. Baba yake hakumsifu maishani, hata kwa kufunga kamba za viatu. Na wewe usithubutu."

Nami, mjinga wa pili wa nyumba, nikafyata ulimi.

Alhamisi mchana Ghislain alishuka kuchukua koleo la theluji, akamkuta mama yake amelala na koti, kofia ya sufu na glavu, midomo imebadilika rangi. Akapanda ngazi bila kutoa hata somo moja, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Akashika simu.

"Yvan. Njoo. Sasa hivi."

Yvan alikuja, akazima umeme, akafungua kifuniko cha hita, akachungulia. Uso ukamkunjamana kama wa polisi.

"Nani kafunga hii?"

Pale kitandani glavu moja ikainuka.

"Mimi," akasema Mama Fernande.

"Wewe, mama?"

"Mimi. Nilikuwa nimekaa tu, sina kazi."

Nikamtazama mume wangu. Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi, na mwanamume huyu amewahi kupenya kwenye milango myembamba kuliko huo.

"Ni mimi, Yvan," akasema. "Mama hajagusa hata skrubu. Nimekosea."

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, neno hilo sikuwahi kulisikia kwake. Mama akashusha mkono taratibu, akamgeukia.

"Haya," akasema. "Basi na mimi niseme ukweli. Nimeganda, mwanangu. Tangu Jumapili nimeganda."