Zawadi ya Kipaimara Iliyovuja

Kama ile video ilikufikia, ya mwanamume mwenye suti ya kijivu anayecheza muziki ukumbini na boksi la zawadi kichwani, halafu ghafla anasimama kama mtu aliyesahau njia ya kwao, basi usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi. Wengi mmecheka na siwalaumu, hata mimi ningemcheka mwenzangu. Ila video inakatika mapema, na yaliyotokea baada ya pale ndiyo yanayoniuma mpaka leo, kwa hiyo ngoja nisimulie yote, aibu ikiwa bado mbichi hivi hivi.

Mimi nina duka la kutoa fotokopi pale Mlandege, Iringa, na watu wananiita Baba Nyau kwa sababu ya paka. Ilianza na paka mmoja tu aliyetupwa nyuma ya duka, nikamlea, nikampatia mtu mwenye ghala la mahindi, na tangu siku hiyo mji mzima ukajua kwamba ukiwa na vitoto vya paka usivyovitaka unaviacha kwa Ambakisye. (Kwetu Tukuyu mama yangu alilia aliposikia. Alidhani nimeshindwa kuoa, ndiyo maana nimekimbilia paka.) Siwafugi moja kwa moja. Nawatunza mpaka wapate nguvu, halafu nawatafutia nyumba yenye panya, au yenye mtoto anayewapenda.

Safari hii niliwakuta watatu kwenye mfuko wa salfeti, wameshaota meno lakini wamekonda mpaka unahesabu mbavu, na wote wanaharisha. Sitaeleza kinachotoka kilikuwaje, maana wengine mnasoma huku mnakula. Mimi kwa akili zangu nikawapa maziwa ya ng'ombe, si paka bwana, na kila nikiwapa wanaharisha zaidi, na kila wakiharisha nawaongezea ili wasiishiwe nguvu. Mmoja akafa. Hapo ndipo nikawabeba wawili waliobaki mpaka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja asiye na mchezo, akamwinua mmoja, akamminya ngozi ya shingo, akaniangalia.

"Unawapa nini?"

"Maziwa, dokta."

"Ya ng'ombe?"

"Ndiyo, tena fresh kabisa."

"Basi wewe ndiye unayewaharisha. Matumbo yao hayayawezi, na minyoo wanayo juu yake."

Akawapa dawa ya minyoo, akanifundisha kuwanywesha maji ya ORS kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo pembeni ya mdomo, na kuwapa kuku wa kuchemsha aliyepondwa, bila chumvi wala mafuta. Na akaniambia neno moja ambalo nalikumbuka hata akiwa hayupo: "Usimtoe kwa mtu mpaka choo kishike, kikae hivyo hivyo wiki nzima. Ukimhamisha tumbo likiwa bovu, hofu peke yake itamrudisha alikotoka."

Nikatii. Nilikuwa napika kuku ambaye mwenyewe simli, na kila asubuhi kabla ya kusema sala nachungulia kwanza kwenye beseni la mchanga. Wakaanza kuchangamka. Mmoja ni wa rangi ya majivu, mkali, anajificha nyuma ya mashine. Mwingine ni jike, mweupe na mabaka ya rangi ya chungwa, na huyo alikuwa na mtu wake tayari. Mpwa wangu Gloria, mtoto wa dada yangu Tusajigwe aliyeolewa Mafinga, alimwona kwenye simu akampa jina Pipi, na kuanzia hapo hakutaka zawadi nyingine yoyote ya kipaimara isipokuwa Pipi. Shemeji yangu, baba Gloria, ana karakana ya mbao na ni mtu anayependa vitu vikae mahali pake, hakumtaka paka. Dada alimbembeleza sana mpaka akakubali, kwa sharti kwamba awe msafi na asiwe na ugonjwa. "Nimekula kiapo kwa ajili yako, kaka," dada aliniambia. Mimi nikamjibu asiwe na wasiwasi. Ndivyo nilivyomjibu.

Jumapili ya kipaimara ikakaribia, na Pipi alikuwa bado. Siyo kuharisha kama mwanzo, lakini leo choo kinashika, kesho kinalegea. Nilitakiwa kufanya jambo moja jepesi kabisa, kupiga simu na kusema, "Dada, paka hajawa tayari, nitamleta mwezi ujao." Nilishika simu. Nikawaza Gloria atakavyonuna, nikawaza mjomba mzima kwenda sherehe mikono mitupu mbele ya wakwe (na mnajua mjomba anavyoangaliwa siku hiyo), nikairudisha simu mfukoni.

Asubuhi ya Jumapili nikamtazama Pipi nikaona bado amekonda, tumbo limeingia ndani, na nikafikiria jinsi mama mkwe wa dada atakavyosema kwamba watu wa Tukuyu wameleta mfupa wenye mkia. Jirani yangu alikuwa amekamua ng'ombe wake, maziwa bado yana uvuguvugu. Nikasema kidogo tu, kisahani kimoja, ajaze tumbo, alale njiani, afike akiwa wa mviringo. Alikunywa yote, akalamba na kisahani, na nakumbuka nilifurahi.

Nikamtia kwenye boksi la karatasi za fotokopi, nikalitoboa matundu, nikaweka taulo chini, nikalifunga kwa karatasi ya zawadi yenye maua na utepe. Kwenye gari nililiweka mapajani. Tulipopita Ifunda nikasikia tumbo lake linanguruma mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama ni simu yangu. Nikasema ni simu.

Ukumbi ulijaa. Mafinga siku hiyo ilikuwa na ukungu wa kuingia mpaka kwenye viatu, lakini ndani watu wamechangamka, wakwe wamekaa mbele na vitenge vya sare, na Gloria yuko meza kuu na gauni jeupe la satini ambalo dada alilishonesha Mbeya kwa fundi mmoja tu anayemwamini. Nikaamkia wakwe, nikasema "kamwene" kwa unyenyekevu wote, mama mkwe akanijibu huku anaangalia boksi. Nilitaka kumvuta dada pembeni nimwambie tumtoe Pipi kwanza nje apumue. Lakini MC, kijana mmoja mwenye sauti kuliko spika zake, alikuwa ameshaniona.

"Mjomba amefika! Mjomba kutoka Iringa! Mjomba haleti zawadi kwa kutembea kama anakwenda benki, mjomba analeta kwa kucheza! DJ!"

DJ akaachia muziki. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi mmoja wa upande wa wakwe akanifuata kwa nyuma anapepea khanga kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili, na mwingine akapaza sauti, "Kichwani, mjomba, kichwani!" Nami (Mungu anisamehe) nikaliweka boksi kichwani nikaanza kucheza, tena nikacheza vizuri, nikashuka chini nikapanda, na kila nikishuka nasikia ndani ya boksi kitu kinateleza kutoka upande huu kwenda upande ule, na nikadhani ni kucha.

Nilikuwa katikati ya ukumbi nilipohisi uvuguvugu kwenye utosi. Nikadhani jasho. Halafu likashuka nyuma ya sikio, likaingia kwenye kola ya shati, na ndipo harufu ikafika. Hapo ndipo nilipoacha kucheza. Hapo ndipo video inakatika, kwa sababu mwenye simu alikuwa yule shangazi aliyekuwa nyuma yangu, na alikuwa anakimbia.

MC hakuelewa. "Mjomba amezidiwa na furaha, jamani! Gloria, mwanangu, njoo umpokee mjomba!"

"Gloria, usije," nilisema, lakini muziki ulikuwa juu. Akaja mbio, akalichukua boksi, akachana karatasi, akamtoa Pipi akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili kama alivyokuwa ameota kwa wiki nyingi. Na Pipi, ambaye alikuwa ameshatikiswa na kulowa na kuogopa, na sasa kelele zote zile zimemfungukia mara moja, akamwachia kila kilichobaki. Satini nyeupe. Kuanzia kifuani mpaka chini.

Muziki ukazimwa. Nilisikia mtu mmoja anatapika karibu na mlango. Mama mkwe akasimama, akajifunika pua kwa kitenge, akasema kwa utulivu mpaka nikatamani bora angepiga kelele, "Ndio wakwe tuliopewa hawa."

Shemeji hakunitazama. Alimwambia dada, "Mwambie kaka yako atoe hicho kitu humu ndani."

Gloria alikuwa hajamwachia. Alikuwa analia, lakini bado amemshika, na anasema, "Mjomba, anatetemeka. Mjomba, mbona anatetemeka hivi?" Dada akamnyang'anya Pipi, akanisukumia mikononi, akamkokota mwanawe chooni.

Nje nyuma ya ukumbi kulikuwa na bomba. Nikaloweka leso nikamfuta Pipi, maji ni ya baridi na sikuwa na mengine, nikavua koti la suti nikamfunga, kichwani kwangu mwenyewe sijanawa. Dada akatoka. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi.

"Ulijua anaumwa?"

"Alikuwa anaendelea vizuri..."

"Ambakisye. Ulijua?"

"Nilijua."

Akafuta macho kwa kiganja, wanja ukamwenda shavuni. "Mimi nakaa na watu hawa. Wewe utapanda gari utaondoka. Mimi ndiye nitakayekaa nao." Akarudi ndani, na kupitia mlangoni nikaona anainama kufuta sakafu mwenyewe, na sare yake nzuri, mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyemsaidia.

Nilimpigia daktari. Nikamweleza yote mpaka maziwa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza, "Ufizi wake una rangi gani?" Nikachungulia. Mweupe kama karatasi. "Masikio?" Ya baridi. Akasema nimpashe joto mwilini kwangu, nitafute ORS, nimdondoshee tone tone kama bado anameza, na nimlete haraka nikiweza. Nikamtia ndani ya shati, nikazunguka Mafinga nzima nanuka vile, duka la dawa za mifugo limefungwa, la pili limefungwa. Duka moja la dawa za binadamu lilikuwa wazi na dada muuzaji alinipa pakiti kupitia dirishani, mkono mmoja akiwa ameziba pua. Nikakoroga kwenye kifuniko cha chupa, nikamdondoshea. La kwanza alimeza. La pili likatoka pembeni ya mdomo.

Akafa nikiwa stendi nasubiri gari la Iringa. Hakulia wala nini. Nilikuwa namhisi anapumua tumboni kwangu, halafu nikagundua ninachohisi ni kupumua kwangu mwenyewe. Kondakta akaniuliza kama nasafiri au sisafiri, nikapanda, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nami.

Nilimzika uani, chini ya mparachichi wa mwenye nyumba, karibu na ndugu yake. Video ilishafika Iringa kabla yangu. Wanafunzi wa chuo walikuja dukani kutoa fotokopi ya karatasi moja moja ili tu wanione, na mmoja akaweka daftari kichwani akacheza mlangoni. Nikawatolea fotokopi zao.

Kisha simu ya dada ikaita, na aliyezungumza ni Gloria.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Gauni vipi?"

"Halikutoka doa. Mama amesema tutalikata afanyie mto. Pipi amepona?"

Nilitafuta uongo, nakwambia ukweli, niliutafuta. Kwamba amepata nyumba nyingine, kwamba yuko kwa daktari. Sikuupata wa kumwambia mtoto aliyeendelea kumshika wakati watu wazima wote wamekimbia.

"Amekufa, Gloria."

"Kwa sababu nilimbana?"

"Hapana. Hapana kabisa, usiseme hivyo tena. Ni kwa sababu nilimpa maziwa asubuhi, na dokta alinikataza."

"Sasa kwa nini ulimpa?"

Nilitaka kusema nilimhurumia, lakini sikumpa kwa huruma. Nilimpa ili aonekane amenona nikifika, nisichekwe. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Haya mjomba," kwa heshima, kama alivyofundishwa, akakata simu.

Dada bado hanipigii yeye mwenyewe. Mama mkwe nasikia ameshaisimulia habari hiyo kwenye misiba miwili. Yule wa rangi ya majivu yupo hapa, nyuma ya mashine. Juzi alikuja mama mmoja wa Kihesa kumtaka, ana panya wanamlia unga, amekuja na kikapu chake kabisa, na anasema anamtaka leo leo kwa sababu kesho ana wageni. Nikamwambia tumbo lake bado halijakaa sawa, arudi baadaye. Akanibembeleza, akakasirika, akaniambia ndiyo maana watu wananicheka. Nikamwambia ni kweli wananicheka, na paka haendi. Akaondoka na kikapu kitupu, nami nikaenda kuinjika kuku jikoni.