Siku Niliyowageuza Waalikwa kwa Mstari Mmoja

Jamani, mlokaa huko nyuma sogeeni, na wewe mwenye kahawa mimina huku wasikia, maana najua mshapata vipande vipande vya aibu yangu huko sokoni na wallahi vyote vimepunguzwa. Yeo nawapa nzima, mcheke mmalize, mniwate nipite ndia kwa amani.

Ilikuwa harusi ya binti yangu Nuru, na kazi ya kualika nilipewa mimi. Kualika kwetu mwakujua, ni mguu kwa mguu, mlango kwa mlango, ukiruka nyumba moja wamekununia mpaka mjukuu wako anaoa. Na mkwe mwenyewe, Bwana Athmani wa Wiyoni, baba yake bwana harusi, alishaniambia: "Bwana Mbwana, nataka harusi ya adabu. Nikiona vurugu, namshika mwanangu mkono naondoka naye." Mpango ulikuwa alasiri wanaume waende kwake Wiyoni, nikahini, na wanawake waje kwangu Langoni kumtizama bibi harusi (na bibi harusi akishapambwa, mwanamume hatii jicho, hilo hata paka wa Lamu wanalijua).

Sasa goti langu lilikuwa limevimba kama fenesi, na binti yangu mdogo, Swafiya, alikuwa amerudi kutoka Mombasa na elimu ya kuiandikia kompyuta maagizo. Akaniambia, "Baba, keti. Nitawatumia wote ujumbe kwenye simu, kila mtu na pahala pake."

Nikaketi. Hapo ndipo nilipopotea, hapo hapo.

Maana mimi nikiketi nauliza. Shule sikuiona, lakini kwa kuuliza nina digrii. Nikamuuliza hiyo kompyuta yasemeshwa lugha gani, akasema ziko nyingi na kila moja ina ujanja wake, nikaona kumbe ni kama sisi tu, Mwamu wa hapa Lamu ana lake na Mpate wa kule Pate ana lake! Iko moja yaitwa Ruby, hiyo waiambia "fanya kitu hiki, isipokuwa hali iwe hivi", nikasema aa, hiyo ndiyo asemayo mamako, ingia ndani isipokuwa una mchanga miguuni. Iko Go, ukifungua mlango papo hapo waagiza ufungwe, na utakapotoka, hata utoke mbio, wafungwa wenyewe (nikasema hiyo afundishwe Kombo jirani, mbuzi wake wameshakula mapazia yangu yote). Iko Rust, ukimpa mwenzio kitu ushampa, ukikitumia tena kama chako inakugombeza kabla kazi haijaanza. Ukitaka kirudi sharti useme toka mwanzo kuwa unaazima tu. Nikamkumbuka punda wangu aloko kwa shemeji mpaka yeo.

Lakini ilonimaliza ni Python (jina la chatu, audhubillahi).

"Baba, una kikombe cha chai na kikombe cha maziwa, wataka vibadilishane. Wafanyaje?"

"Natafuta kikombe cha tatu."

"Lugha nyingi ndivyo zilivyo. Hii haitaki. Mstari mmoja, vimebadilishana."

"Mwongo! Nionyeshe, tena kwa vitu vya kweli, si vikombe vya hewa."

Basi akanionyesha kwa waalikwa wenyewe: kundi la wanaume likawa pahala pa wanawake, la wanawake pahala pa wanaume, kisha akabonyeza kishale cha juu na kile kitufe kikubwa, mstari uleule ukajirudia, kila mtu akarudi kwake. Mamake akamwita jikoni. Kombo akaingia. Mimi nami ningenyamaza? Nikamwonyesha. Kishale, kitufe! "Rudia," akasema Kombo. Nikarudia. "Tena!" Tukabonyeza tukicheka kama watoto waloiba halua, na kompyuta haituonyeshi nani yuko wapi. Swafiya aliporudi nikajitia natazama dari, akaandika neno moja, akatuma. (Nilijiambia, ah, lazima kila mtu karudi kwake.)

Siku ya siku niko Wiyoni, kanzu imepigwa pasi mpaka yasimama peke yake, niko na shekhe, bwana harusi na Bwana Athmani, twangoja watu. Kwanza ikaja harufu ya udi. Kisha mabuibui, tena mabuibui, Wiyoni nzima ikawa nyeusi kama usiku umeshuka mtana.

"Mbwana," akasema Bwana Athmani, "hawa ndio mashahidi wa nikahi?"

Simu ikalia, mke wangu Zuhura: "Mbwana! Kanzu zimejaa mlangoni! Nuru nimemfungia chooni na mapambo yake, analia!"

Bwana Athmani akamshika mwanawe mkono.

Nikapiga ukelele, "Ngoja, Bwana!" na kwenye simu nikamwambia Zuhura awalete wanaume huku, na wanawake nikawasukuma huko, wote kwa pamoja, mstari mmoja. Mwavijua vichochoro vyetu, punda akipita na mzigo wewe wapanda baraza. Wakakutana katikati! Kanzu haziwezi kupita, mabuibui hayawezi kurudi, na katikati Kombo kabanwa na punda ana kwa ana, hajui amwamkie au aombe radhi.

Swafiya akaja mbio yuu ya baraza, akapiga kelele: "Baba! Kikombe cha tatu!"

Wanawake wote wakaingizwa uwanja wa madrasa, wanaume wakapita, kisha wanawake wakatoka wakaenda Langoni, nami nikaungama mbele ya wote kile kitufe nilichobonyeza na Kombo. Bwana Athmani alikuwa ametufuata kichochoroni, bado kashika mkono wa mwanawe, lakini alipomwona Kombo akimsabahi punda, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Haya, aoe," akasema. "Lakini wewe, Mbwana, usiguse tena kitufe, hata cha kengele ya mlango."

Na sigusi. Hata taa nyumbani namwita mtu aniwashie.

Jioni, nikahi imepita salama, Nuru amependeza, nikaketi mlangoni kama mwizi, na Zuhura ndani, mbele ya jamii nzima, akamuuliza binti yake: "Swafiya mwanangu, hiyo lugha yako ya kubadilisha kwa mstari mmoja, na mume yabadilisha?"