Sale kwa Ajili ya Ngozi ya Mbega

Tarehe 11 Mei 1996. Mvua tangu alfajiri, mlima haukuonekana kabisa, baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Ndivyo daftari langu linavyosema. Mengine naandika kwa kukumbuka, na huenda mahali nimejipendelea.

Siku hiyo afisa wa wanyamapori alikuja kwenye mkutano wa kijiji kupokea maoni. Sheria ya kulinda wanyama wanaokaribia kwisha ilitakiwa kukazwa, na sisi tunaokaa chini ya msitu tukaulizwa tunataka nini. Mimi nilikuwa katibu, ingawa niliishia darasa la saba. Watu walisema minde, yule paa wa msituni, anakwisha kwa mitego ya waya, na wategaji wakikamatwa wanarudi baada ya wiki. Ni kweli. Nami nikanyoosha mkono. Nikasema adhabu imguse hata anayekutwa na ngozi nyumbani, iwe mpya iwe ya zamani, maana kila mwenye ngozi husema ni ya babu. Wakanipigia makofi. Maneno yangu nikayaandika kwa mwandiko mzuri kuliko ya wenzangu.

Nilikuwa nimefika kwenye mfereji, nusu ya njia kwenda nyumbani, ndipo nikakumbuka ngozi ya mbega ya baba. Yeye aliirithi kwa babu kweli, akawa anaivaa kwenye shughuli za ukoo. Au sikuwa nimeisahau, nilitaka tu makofi? Hadi leo sijui.

Ningeweza kuongeza mstari mmoja kwenye muhtasari: isipokuwa ngozi za urithi. Lakini mkutano haukusema hivyo, na jirani yangu mmoja aliyekamatwa akiwa na waya wa kutegea hakupata katibu wa kumwongezea mstari.

Nikamweleza baba. Kwanza alicheka.

"Mbega huyo alikufa kabla hujazaliwa. Mnamlinda na nini?"

Nikamwambia kwamba afisa amesema mwenye ngozi asisubiri sheria, aipeleke mwenyewe wilayani, ajieleze. Kwamba ataachiwa, hilo hakuahidi. Baba akasema haitoki. Basi nikatoka kwenye mvua, nikachuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, nikalifunga fundo, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu mwenye kosa akikuletea sale humkatalii, hata kama damu imemwagika.

Baba aligusa fundo kwa kidole.

"Sale ni ya kuombea msamaha. Wewe unaniomba, au unaniamuru?"

Nilikuwa naomba msamaha kweli kwa kumwingiza kwenye sheria, na papo hapo nilijua hawezi kukataa. Nilimtega, naye aliona hivyo. Akalipokea. Akamwambia mama afungue sanduku aitoe ngozi.

Nikasema basi nitaipeleka mimi, nitasema ni yangu.

"Na uongo huo utauandika wapi, katibu?"

Akasema asubuhi ataipeleka mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, na wakimweka ndani tusimfuate kwa kelele. Mama aliikunjua ngozi juu ya meza, kando ya muhtasari wangu, akaipangusa vumbi kwa kanga.

Jioni tulikula kiburu cha ndizi na maharage, sahani tumezipakata magotini kwa kuwa meza ilikuwa na ngozi. Baba alirudisha nusu ya chakula chake.