Pasi ya Mkaa ya Mama Mkwe

Nilipohamia Kiomboi kutoka Nairobi, bibi harusi wa juzi, nilijiona mjuzi wa kazi za nyumbani. Jumamosi ya kwanza mama mkwe akanikabidhi gauni lake jeupe la kwaya pamoja na pasi ya mkaa, nzito kama tofali. Kesho yake alikuwa anaongoza kwaya kanisani.

"Mama, umeme si upo?" nikauliza. Televisheni ilikuwa inaongea sebuleni, na pasi ya umeme niliiona juu ya kabati, bado imo ndani ya boksi.

"Ile nyepesi, mwanangu. Haibonyezi nguo."

Sikuelewa, ila sikubisha. Nilitaka sana anipende, na gauni lile niliona ndio mtihani wangu. Nikaweka meza uani, nikatandika blanketi, nikajaza makaa. Yakawa yanazimika. Nikapuliza matundu ya pasi mpaka kichwa kikaniuma, majivu yamenijaa puani, pasi bado vuguvugu. Dada wa jirani akachungulia, akacheka.

"Igeuzie upepo, wifi! Wa huku hauchoki."

Nikaielekeza kwenye upepo, nikaingia ndani kutafuta maji ya kunyunyiza. Niliporudi makaa yalikuwa mekundu. Wenyewe hujaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu, lakini hilo nililijua baadaye. Mimi niliitua moja kwa moja mgongoni mwa gauni.

Ikabaki alama ya kahawia yenye umbo la pasi, mpaka ncha yake.

Nikampelekea gauni huku nalia. Mama yangu mzazi angefoka mpaka mtaa wa pili wasikie. Huyu alilitazama, akalikunja, akaniambia nikamenye viazi. Nilimenya nimechanganyikiwa kabisa. Amenyamaza kwa hasira au kwa huruma? Au ndio nianze kufunga mizigo?

Asubuhi akalivaa. Hakujitanda hata kitenge. Na anayeongoza kwaya huwapa mgongo waumini, kwa hiyo ibada nzima alama yangu ilitutazama sote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nje, wanawake wakamzunguka, wakamuuliza gauni limepatwa na nini.

"Nimepigiwa pasi na mkwe wangu," akasema kwa sauti, akanishika mkono.

Hata leo sijui alikuwa ananisifu au ananisema. Ila mkono hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani.