Gitaa la Mzee Shoto

Ukimpelekea fundi Shoto kochi, usitegemee atazame kitambaa. Atalipindua miguu juu, atabonyeza springi kwa dole gumba, atavuta mikanda ya chini, kisha atakwambia kwa upole kabisa kwamba aliyekuuzia alikuibia. Kitambaa, kwake yeye, ni maneno ya muuzaji tu. Hata binti yake, kitinda mimba, alipoleta mchumba nyumbani, ndugu walikaa roho juu, wakihofia mzee asije akampindua na yeye.

Jina la Shoto alipewa utotoni kwa kuwa kila kitu anafanya kwa mkono wa kushoto, nalo likamganda mpaka marehemu mkewe akawa halijui jingine. Mikasi ya dunia hii imetengenezwa kwa ajili ya watu wengine, lakini makochi ya nusu ya mtaa yamepita chini ya mkasi wake. Magitaa nayo ni hivyo hivyo. Ujanani alipiga katika bendi ya mjomba wake, bendi ya kumbi ndogo zenye viti vya kuazima. Gitaa lilikuwa la mjomba, na mjomba alikuwa na sharti moja tu, kwamba nyuzi zake zisiguswe. Basi kijana akaligeuza gitaa lenyewe, nyuzi nyembamba zikaja juu, nene zikaenda chini, akajifunza kulipiga hivyo hivyo. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Yeye kila Jumamosi kilimsitiri vya kutosha.

Mjomba alipofariki, wanawe waliuza vyombo vyote. Shoto hakudai chochote, maana vilikuwa vyao. Akarudi kwenye makochi, akalea watoto, na kila alipokaa kupumzika vidole vya mkono wake wa kulia vilichezacheza juu ya egemeo la kochi la mteja.

Kitinda mimba aliviona vidole hivyo tangu yu mdogo. Alizaliwa bendi imeshakufa, kwa hiyo hakuwahi kumsikia baba yake akipiga hata siku moja. Alichokuwa nacho ni hadithi za mama yake, jinsi baba alivyohangaika na gitaa lililopinduliwa kama mtu aliyevaa viatu kinyume, masikini. Akakua akimwonea huruma. Sasa ameajiriwa kwenye duka la uchapishaji, na mshahara wake si wa kujivunia, lakini alidunduliza. Siku moja akatoka kazini mapema, akamfuata karakanani.

"Baba, vua hiyo aproni. Tunaenda kununua gitaa."

"La nani?"

"La kwako."

Shoto akagonga misumari mingine mitatu minne kana kwamba hakusikia. Kisha akaenda bombani kunawa gundi, na alikaa huko muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Mwenye duka la vyombo vya muziki alikuwa mtu mnene, miwani ikining'inia kifuani. Aliwaangalia wote wawili, akatabasamu. "Karibu, mzee wangu. Mfuko unasemaje?"

"Mfuko ni wa huyu," Shoto akasema. "Muulize yeye, na umuulize kwa adabu."

Binti akataja kiasi. Mwenye duka akakohoa kidogo, akawaondoa mbele ya ukuta wa magitaa makubwa, akawapeleka kwenye kona ya nyuma.

La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa, lina pembe mbili. Shoto akalipindua, kama kawaida yake, akafumba jicho moja na kutazama urefu wa shingo. Imepinda. Akapitisha kiganja ubavuni mwa shingo, ncha za vyuma vinavyoigawa zikamkwaruza. "Hili ni zuri kwa kupigia picha," akasema, akalirudisha.

La pili lilikuwa la mtindo wa zamani, rangi ya siagi, mwili wa ubao mmoja, vitufe viwili vya kuzungusha na basi, hakuna madoido. Shingo imenyooka. Mgongoni rangi ilikuwa imebanduka, na hiyo ndiyo iliyoshusha bei. Kosa la rangi tu. Roho yake ilianza kuchangamka, lakini kabla hajaomba waya wa kuliunganisha na spika alisikia binti akipiga kelele.

"Baba! Njoo uone! Hili ni la mashoto!"

Lilikuwa la mtindo ule ule wa zamani, kahawia, limetengenezwa kinyume tangu kiwandani. "Hilo tumeshazoeana nalo," mwenye duka akasema. "Wa mkono wa kushoto hawaji, na wakija hawana hela. Nitawapunguzia."

Binti alikuwa amelikumbatia, anacheka, macho yamejaa machozi. Shoto akalipokea. Lilimkaa vizuri ajabu, vitufe havikumchoma mkono, shingo ilimfikia bila kujinyonga. Akachomeka waya, akabonyeza nyuzi, akapiga.

Ilitoka kelele. Akajaribu tena, kelele nyingine. Vidole vilikwenda pale vilipozoea kuukuta uzi mwembamba, vikakuta mnene, kama mtu anayetafuta swichi gizani kwenye nyumba ya wageni.

"Utazoea, Baba."

"Samaki hukunjwa angali mbichi, mama. Mimi nimeshakauka."

Binti hakucheka. Mwenye duka akasema nyuzi zinaweza kubadilishwa mpangilio, ila itabidi kuchonga upya kile kipande kinachozishikilia pale juu, na hiyo ni gharama nyingine.

"Yaani tuligeuze lililogeuzwa," Shoto akasema, "ili lifanane na lile la siagi nikilipindua?"

Hata hivyo alikaribia kulichukua. Alimpenda mwanawe, na uso ule ulimuumiza. Angeweza kusema ndilo hili, alitundike ukutani, binti aridhike, maisha yaendelee. Lakini siku moja binti angeketi mbele yake na kusema, Baba, nipigie. Akaliweka chini, akaenda kulichukua lile la rangi ya siagi. Akalipindua juu chini, akahamishia waya, akaketi, akapiga.

Mwenye duka akavaa miwani. Gitaa liliimba, nyuzi za chini zikitembea taratibu na zile nyembamba zikizijibu kwa kejeli, na Shoto alikuwa amefumba macho. Mteja mmoja mlangoni alianza kutikisa kichwa bila kujua. Shoto alipoacha kupiga, binti alikuwa ameketi juu ya boksi la spika.

"Kumbe hukuwa unateseka," akasema.

"Nani alikwambia nateseka?"

"Mama. Watu wote. Miaka yote hii nakuonea huruma."

"Nilijua. Nikanyamaza, maana huruma yako ilikuwa inaniletea chai." Safari hii binti alicheka. Shoto akamshika mkono. "Mwanangu, ukumbini hakukuwa na mtu mwenye raha kunizidi. Tatizo langu halikuwa kushoto wala kulia. Tatizo ni kwamba muziki ukiisha, gitaa linarudi kwa mwenyewe."

Binti akainuka, akaenda kulipia la rangi ya siagi, na hela ikatosha kwa waya vilevile. Mwenye duka akaandika risiti, akaingia ndani kutafuta mfuko. Shoto akafuta nyuzi kwa upindo wa shati, akalilaza gitaa juu ya kaunta kwa uangalifu, akasema kwa sauti, "Ahsante sana, ndugu yangu. Gitaa lako zuri." Akaelekea mlangoni.

"Baba," binti akamwita. "Umelirudisha kwa nani?"

Akageuka. Akalitazama gitaa, akaitazama mikono yake mitupu. Kwanza aliona aibu. Kisha akashika fremu ya mlango mpaka pumzi zikamrudia. Akarudi kaunta, akalichukua kwa mikono miwili.

Mwenye duka akatoka na mfuko, akanyoosha mkono alipokee alifunge.

Shoto hakumpa.