Swali Kabla ya Kumuosha Baba

Baba yangu alioshwa na wadogo zangu wawili pamoja na baba mdogo. Mimi, mtoto wake wa kwanza, nilisimama upande wa pili wa pazia. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Nilizuiwa kwa ajili ya Adamu na kwa ajili ya nyani, na ninaandika haya kwa sababu kuanzia Ulaya, kijiji chetu huku Kilosa, hadi Kidodi kisa hiki kinasimuliwa kama kichekesho. Mimi sikukiona hivyo.

Nianze na mimi mwenyewe, maana wapo wanaopenda kusema kwamba elimu yangu niliiokota njiani. Sikuiokota. Niliondoka Kilosa baada ya matokeo ya kidato cha nne ambayo hayakumfurahisha mtu. Nikaenda Arusha, nikaenda Afrika Kusini, nikafua mashuka ya wageni katika hoteli ya porini. Nikawa mbeba mizigo wa waongozaji, nikajifunza Kiingereza kwa kuwasikiliza, nikajilipia masomo mpaka nikapata stashahada ya wanyamapori na uongozaji wa watalii. Stashahada hiyo inaning'inia ukutani kwenye mapokezi ya nyumba yangu ya wageni hapa Mikumi, nyumba niliyoijenga bila mkopo na bila mjomba serikalini. Nina gari langu la safari lenye paa la kufunguka. Wapo wageni wanaotoka Dar es Salaam ambao wakikuta nina shughuli husubiri, hawamtaki mwongozaji mwingine. Ninayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baba naye aliyasema kila alipopata mtu wa kumsikiliza.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi na mpunga. Jioni alifundisha watoto Kurani kwenye banda lililoegemea nyumba yetu. Siku ya kwanza nilipoingia na gari, aliwaacha watoto na juzuu zao, akalizunguka gari lote, akaligonga boneti kwa kidole.

"Hili ni lako lote?"

"Lote, baba."

"Hata magurudumu?"

"Hata lile la akiba."

Akawageukia watoto. "Mnamuona huyu? Alikaa hapo hapo mlipokaa, na kusinzia alikuwa anawashinda nyinyi wote."

Mambo yalibadilika siku wanafunzi wa sekondari moja ya wilayani kwetu walipoletwa hifadhini. Mwalimu wao aliniomba niwaongoze bila malipo, nikakubali. Tulisimama karibu na kundi la nyani. Jike moja lilikuwa limempakata mtoto wake, likimchambua kichwani kwa vidole viwili, kama mama anayetafuta chawa. Wanafunzi wakacheka, kisha binti mmoja akauliza, "Samahani, ni kweli sisi tumetoka kwa hawa?"

Mimi sikwepi maswali, na hilo ndilo linalonitofautisha na waongozaji wengi. Nikamwambia hapana, hatukutoka kwa hawa. Sisi na hawa ni ndugu wa mbali, wahenga wetu walikuwa wamoja zamani mno, kabla hajawapo nyani wala mtu. Nikawaeleza juu ya mifupa iliyofukuliwa kule Olduvai, juu ya viumbe walioanza kusimama kwa miguu miwili, juu ya ubongo uliokua kidogo kidogo kwa muda mrefu ambao kichwa hakiwezi kuubeba. Mvulana mmoja akadakia, "Sasa Mungu yuko wapi hapo?" Nikamjibu kwamba muda wote huo ni wa Mungu, na hana haraka nao. Mwalimu aliniambia nimeeleza vizuri kuliko kitabu. Nami niliona hivyo hivyo.

Jibu nililompa yule mvulana halikufika kwetu. Kilichofika, kikipitia sokoni na kwa waendesha baiskeli, ni kwamba mtoto wa mwalimu wa madrasa anawafundisha wanafunzi kuwa Nabii Adamu alikuwa nyani.

Wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao kwenye banda la baba. Hakuna aliyemtukana. Walisema mtoto ana homa, mtoto kaenda kwa bibi yake, mtoto anasaidia shambani. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta anapukuchua mahindi peke yake, saa ambayo zamani usingeweza kuzungumza pale kwa kelele za watoto wakisoma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Chukua na wewe mhindi, tuone kama mikono imesahau."

Tukapukuchua. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Ulisema Adamu ni nyani?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema nini?"

Nikamweleza yote, polepole, kwa Kiswahili chepesi kuliko nilichotumia kwa wanafunzi. Alinisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto anayesoma sura ngeni, bila kumkatiza hata akikosea.

"Kwa hiyo hawa wanaomaliza mahindi yangu ni ndugu zangu."

"Wa mbali, baba."

"Wa mbali, lakini wakati wa mavuno hawakosi." Akacheka, nami nikacheka. Nilidhani tumemaliza. Akachukua mhindi mwingine, akauzungusha mkononi bila kuupukuchua. "Mimi naamini Mungu alimfinyanga Adamu kwa udongo, akampulizia roho. Hakuhitaji nyani. Nitakufa nikiamini hivyo."

"Najua, baba."

"Wewe huamini hivyo."

"Naamini Mungu aliumba. Ila siamini kwamba alifanya kwa mkupuo mmoja."

Kuku walikuwa wanadonoa punje zilizotawanyika, na hakuwafukuza. "Unaweza kuja msikitini Ijumaa," akasema, "ukawaambia watu kwamba ulikosea? Watoto warudi."

Katika maisha yangu baba hakuwahi kuniomba kitu. Nilikuwa nimemletea bati za nyumba, blanketi, redio, dawa za macho, na vyote nilivileta bila yeye kutamka. Hiki ndicho kitu pekee alichokitamka.

"Kuja naweza, baba. Lakini nitakuwa nasema uongo ndani ya msikiti."

Aliuweka ule mhindi chini. "Basi usije," akasema. "Hilo sikukufundisha."

Hakulizungumza tena. Watoto nao hawakurudi. Aliendelea kulifagia banda kila jioni, na wajukuu zake wawili wakawa ndio darasa zima.

Wakati wa palizi alianguka shambani, upande mmoja wa mwili ukakataa. Nilimkimbiza hospitali Kilosa kwa gari langu. Hakusema neno lolote la kueleweka tena. Alikuwa akinitazama na kuukaza mkono wake mzima kwenye vidole vyangu, na mimi niliyezoea kueleza kila kitu sikujua anataka kuniambia nini. Alifariki jioni. Asubuhi nikamrudisha nyumbani kwa gari lile lile, paa likiwa limefungwa, mama akiwa ameketi nyuma amekishika kichwa cha baba.

Uani tulikuta wamekwisha kuchimba ufuo, mfereji mdogo chini ya kitanda unaopokea maji ya kuoshea maiti. Shuka zilikuwa zimetundikwa kuzunguka kitanda. Ndoo zilikuwa tayari, majani ya mkunazi yamepondwa ndani yake. Katika ukoo wetu maji ya kwanza humiminwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Baba alimmiminia babu, na tangu nikiwa mdogo nilijua kwamba siku moja nitammiminia yeye. Nikavua saa, nikakunja mikono ya shati.

Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye pazia.

"Subiri kwanza. Una udhu?"

"Ninao."

"Na imani?"

Waliokuwa wakizungumza uani wakageuka.

"Baba mdogo, huu si wakati wake."

"Ndio wakati wenyewe. Anayemuosha Muislamu awe Muislamu. Sema mbele ya hawa kwamba Adamu aliumbwa kwa udongo, hakutokana na mnyama. Sema, uingie. Sina ugomvi na wewe."

Alikuwa akilia huku akisema. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alikuwa amefiwa na kaka yake wa pekee, na aliamini kwamba anamlinda kwa mara ya mwisho.

Hapo ndipo aliposogea jirani yetu, mfugaji wa Kisukuma aliyetoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wake akaweka boma karibu na shamba letu. Ni Mkristo, na ni mtani wetu. Sisi Wasagara na Wasukuma ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Alikuwa ametoka makaburini, jembe begani, matope mpaka magotini.

"Nyie Wasagara bwana!" akapaza sauti. "Mimi Mkristo nawachimbia kaburi tangu alfajiri, hamjaniuliza Adamu alitengenezwa na nini. Mtoto wa marehemu ndiye mnampa mtihani? Akifaulu mtampa na cheti? Cheti anacho tayari, kakitundika Mikumi!"

Uani pote watu wakacheka. Hata ndani, kwa wanawake, nilisikia kilio kikikatika na mtu akicheka.

"Mtani, rudi kwenye shimo lako," baba mdogo akasema, lakini tabasamu lilimponyoka.

"Narudi. Ila kama nyani haruhusiwi kuosha, basi na mimi ng'ombe siruhusiwi kuchimba. Mtamzika kwa vijiko!"

Kicheko kile kilimlegeza baba mdogo. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya udi kwenye kanzu yake, akanong'ona, "Sema tu, mwanangu. Neno moja. Hata kwa sauti ndogo. Nitasema nimesikia."

"Ameumbwa na Mungu," nikasema.

"Kwa udongo, bila mnyama?"

Ningeweza. Hakuna mtu pale angenidai zaidi ya sauti. Lakini baba alikuwa amelala hatua chache kutoka pale, na swali hilo alikwisha kuniuliza yeye mwenyewe, akiwa na uhitaji mkubwa kuliko huyu, nami nikamnyima.

"Baba mdogo, baba aliniuliza hilo akiwa hai, nikamjibu. Siwezi kumpa yeye jibu moja halafu nikawapa nyinyi jingine ili niingie."

Akaingia, akalishusha pazia nyuma yake.

Nilisikia kila kitu. Nilisikia kata ikizama ndooni. Nilisikia mdogo wangu mmoja akisema "mgeuze taratibu," na mwingine akiuliza kama wamekamua tumbo vizuri. Sauti ya maji juu ya mwili wa mtu haifanani na sauti ya maji juu ya kitu kingine. Maji yalifuata ufuo, yakapita chini ya shuka, yakatokea upande wangu yakiwa na vipande vya majani ya mkunazi, yakaelekea kwenye migomba. Sikulia. Nililia yalipokoma, kwa sababu hapo nilijua wamemaliza.

Tulimswalia baada ya adhuhuri. Nilisimama kwenye safu na hakuna aliyenitoa. Makaburini wadogo zangu walishuka wakampokea, wakamlaza kwenye mwanandani ubavuni mwa kaburi, wakapanga mbao. Kisha tukaanza kusogea mmoja mmoja kutupia udongo, kila mtu mateko matatu, pamoja na maneno yale ya kwamba humo ndimo tulimoumbwa, humo tunarudishwa, na humo tutatolewa tena.

Zamu yangu ilipofika niliona watu wananitazama mdomoni. Nikainama, nikateka. Udongo wa kwetu ni mweusi, ukiwa na unyevu unashikamana na vidole. Nikayasema maneno yote kwa Kiarabu, kwa sauti, kama baba alivyonifundisha kwenye lile banda. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipoyapima sikuona ndani yake kitu cha kukataa, kwa kuwa hata elimu yangu yote haijui mahali pengine mtu alikotoka. Alichukua muda gani kutoka humo, hilo maneno hayakuniuliza.

Baba mdogo alikuja kusimama kando yangu. Wachimbaji walikuwa wameanza kufukia kwa majembe, mtani wetu akiwa mbele yao, kimya.

"Umeyasema," akaniambia.

"Nimeyasema."

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo."

Alifumba macho. "Sasa kwa nini asubuhi ulininyima?"

"Asubuhi hukuniuliza haya, baba mdogo. Asubuhi ulitaka nikane."

Alitazama kaburi linavyojaa, kisha akasema, "Ningejua, ningesubiri kwanza uyaseme maneno haya, ndipo tukamuoshe." Aliposikia alichokisema akatikisa kichwa, maana maiti haitangulii kaburini kisha ikaoshwa.

Siku hizi tunasalimiana vizuri. Kukiwa na mgonjwa huniomba gari, nami nampelekea, na mafuta hujaza yeye mwenyewe. Wageni bado wananiuliza juu ya nyani na bado ninawajibu vile vile, kwa sababu ndivyo ninavyojua. Wadogo zangu wakija Mikumi huwa ninawauliza habari za asubuhi ile, na hunieleza kwa upole, kila mara kama ndiyo mara ya kwanza: kwamba uso wake ulikuwa umetulia, kwamba bega lake la kulia lilikuwa na kovu ambalo hatukulijua, kwamba walipomwinua kumweka kwenye sanda alikuwa mwepesi sana. Mimi sikumwinua. Maneno yao nayachukua kama wanavyonipa.